Vita vya Taita Taveta havikuwa vya majenerali peke yao

Watalii wanaokuja kuzuru viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia hushukia Voi, wakapelekwa Maktau, Mbuyuni na Salaita hadi Taveta. Huelezwa jinsi Wajerumani walivyoiteka Taveta mnamo Agosti 1914, jinsi brigedi ya Afrika Kusini ilivyosukumwa nyuma Salaita tarehe 12 Februari 1916, na jinsi jeshi la Jenerali Smuts lilivyopenya Latema na Reata mwezi uliofuata. Hayo yote ni kweli. Ila anayeyasikia ataondoka akidhani nyika hii ilikuwa tupu, kwamba wageni walikuja kupigana wao kwa wao kisha wakaenda zao. Nashikilia kwamba bila jasho la wenyeji na la Waafrika waliokokotwa hadi hapa, majeshi hayo yasingefika hata Salaita, na kwamba kaunti inayouza historia hii ina deni la kuisimulia yote.

Tazama jinsi vita vyenyewe vilivyoendeshwa. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, kwa sababu katikati yake ni nyika kavu isiyo na maji ya kutosheleza jeshi. Mbele ya ncha ya reli hiyo, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o, na magari yalikuwa machache. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mpagazi. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume kwa lazima. Walibeba unga, risasi na majeruhi, na waliokufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Kamati maalumu ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Lakini katika makaburi ya vita ya Voi na Taveta, wanajeshi wa Afrika Kusini na Uingereza wana mawe yao.

Wakazi wa Mlima Kasigau walilipa kwa namna nyingine. Wajerumani walipoushambulia mlima huo mwaka 1915, Waingereza waliwashuku wakazi kuwa wamewasaidia adui, wakawahamishia Malindi, ambako wengi walifia ugenini. Ilipita miaka mingi kabla ya walionusurika kurudi kwao. Jamii nzima iliadhibiwa kwa vita isivyovianzisha, na sioni kwa nini kisa hiki kiwe tanbihi ya hadithi ya Salaita.

Wapo watakaosema kwamba mtu aliyelazimishwa hakuchangia chochote, na kwamba kumkumbuka ni kuvipamba vita vya mkoloni. Hoja hii ina uzito, nami nisingependa mpagazi avikwe sifa ya ushujaa kwa ajili ya Mfalme George. Lakini kunyamaza kunamfaa aliyemlazimisha zaidi kuliko aliyelazimishwa. Kinachotakiwa ni kumbukumbu inayotaja sheria iliyowakamata, ujira mdogo waliolipwa, na mishahara ya marehemu ambayo jamaa zao hawakuipata kamwe.

Wengine watauliza kwa nini kaunti ishughulike na wafu wa zamani wakati ndovu wanamaliza mahindi na mabomba hayana maji. Kazi ninayoizungumzia, ya kukusanya majina na masimulizi, haihitaji mnara wa mamilioni. Pa kuyatafuta papo: Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Nairobi, misheni ya Bura na ya Sagalla zilikuwapo kabla ya vita, na familia za Kasigau bado zinasimuliana habari za Malindi. Walimu wa historia na vijana wachache wenye kinasa sauti wanaweza kuanza na wazee, maana hao hawatangoja bajeti ya mwaka ujao. Waongoza watalii nao wafundishwe habari za wapagazi na za Kasigau, na kibao cha kwanza kisimamishwe Maktau, kwa Kiswahili na Kitaita, kikiwa na kila jina litakalopatikana.