Wasomali na mahakama za sharia: ni imani au woga?

Tangu Machi 4, 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mfanyabiashara anayelitamani soko la Mogadishu sharti ajiulize mapema: nikidhulumiwa huko, haki nitaipata wapi? Wasomali wenyewe wamejiuliza hivyo tangu serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991.

Jibu lao la kwanza lilitoka mitaani. Polisi hawakuwepo, na kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na bunduki zake na ushuru wake. Masheikh na wazee wa koo wakaanzisha mahakama za sharia, wafanyabiashara wakachangia fedha za kuwalipa askari. Juni 2006 Umoja wa Mahakama za Kiislamu uliwatimua wababe wa vita Mogadishu. Vizuizi viliondolewa, na Agosti mwaka huo bandari ikafunguliwa baada ya kukaa imefungwa zaidi ya miaka 10.

Watu wengi walishangilia. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba walichokipenda ni usalama na hukumu ya haraka ambayo mwenye nguvu naye aliitii. Amri zilipozidi, manung'uniko yalianza. Novemba 2006 miraa ilipopigwa marufuku, wakazi wa Kismayo waliandamana. Mwezi uliofuata majeshi ya Ethiopia yaliingia na kuuondoa Umoja huo.

Waliofuata, al-Shabaab, walikuwa wakali zaidi. Oktoba 2008 huko Kismayo msichana alipigwa mawe hadi kufa katika uwanja wa michezo kwa kosa la zinaa. Kwa mujibu wa Amnesty International alikuwa na umri wa miaka 13, na alikuwa amekwenda kulalamika kwamba amebakwa na wanaume watatu. Wanaume hao hawakukamatwa. Fiqhi yenyewe inadai mashahidi wanne walioliona tendo, au kukiri kwa hiari, na shaka huondoa adhabu. Lakini nani angekata rufaa mbele ya bunduki?

Pamoja na hayo, hata miaka ya karibuni wakazi wa Mogadishu wamesafiri nje ya mji kupeleka kesi za ardhi kwa mahakama za kundi hilo, wakisema za serikali zina rushwa na hukumu zake hazitekelezwi. Tusiseme wameridhia kila adhabu. Anayedai kiwanja chake hajakubali mawe.

Katiba ya muda ya mwaka 2012 tayari inataka sheria za Somalia zifuate sharia. Ubishi uliobaki ni nani ahukumu, kwa ushahidi gani, na rufaa iende wapi.

Sisi tuliosomea ukimbizini, tukarudi na kukuta mashamba ya wazazi yanalimwa na wengine, tunalielewa hilo. Raia hulizwa na hakimu anayenunuliwa, awe amevaa joho au kilemba. Serikali ya Mogadishu ikitaka kuwarudisha watu wake mahakamani, ianze kwa kuwalipa mahakimu na kuhakikisha hukumu wanazotoa zinatekelezwa.