Samaki Akuaye Njiani



Kila mtu ajua kwamba samaki hukulia baharini. Mimi namjua mmoja aliyekulia barabarani, tena baada ya kufa, na aliyemkuza ni mimi mwenyewe.

Siku moja baada ya sala ya alfajiri nilimchukua mwanangu wa miaka 10, tukaazima ngalawa pwani ya Tongoni, kusini ya Tanga, ili tukavue kwa mshipi. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alituonya: "Bwana, leo ni bamvua. Maji yakitoka, hutoka kwelikweli. Msikae juu ya fungu." Nilimshukuru kwa adabu, kisha nikaenda kukaa juu ya fungu, kwa kuwa ndipo nilipoona pametulia.

Tukapata changu mmoja, urefu wake shibiri. Tulipokuwa tukimfurahia, ngalawa ikakaa mchangani kama kuku atamiaye. Tangu saa mbili hata karibu na adhuhuri tulikuwa mabaharia wa nchi kavu. Kina mama waliotoka kuchokoa pweza wakatupitia kwa miguu. Mmoja akatoa salamu, akauliza kwa upole: "Mwaelekea Pemba, baba?" Salamu niliiitikia, la Pemba nikalinyamazia.

Jioni, barazani, niliulizwa habari za uvuvi. Changu wa shibiri akawa wa dhiraa. Alipofika jirani mwingine, nikamzidishia na samaki wa pima nzima, aliyekata mshipi akaenda zake. Mwanangu, aliyekuwa akigawa kahawa, akasimama. "Baba, huyo wa pima alikuja saa ngapi? Nilikuwa nimelala?"

Hakuuliza kwa utundu. Aliuliza kwa sababu alinisadiki mimi kuliko macho yake. Nikaona aibu kubwa kuliko ile ya fungu. Basi nikasimulia yote kama yalivyokuwa, na Pemba ndani yake. Wazee walicheka hata kahawa ikamwagika, na mtoto akacheka kuliko wote. Kumbe kichekesho kilikuwamo ndani ya kweli tangu mwanzo.

Mtume wetu, sallallahu alayhi wasallam, alikuwa akitania na watu wake, wala hakusema ila kweli. Mvuvi naye ana sababu zaidi ya kufuata mwendo huo, maana bahari yetu ina maajabu ya haki. Wataalamu walimdhania silikanti kuwa samaki aliyetoweka duniani tangu mamilioni ya miaka, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga na Kigombe wamewatoa wengi katika majarife ya kutegea papa, samaki wazito wenye mapezi manene kama viguu. Mwaka 2009 serikali ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Mwafikirije, vijana? Mtu aliyezoea kurefusha changu wake, siku atakapomvuta silikanti, nani atakayeinuka barazani kwenda kutazama?

Mwanangu bado huniuliza habari za safari zangu, na bado husadiki majibu. Hiyo ndiyo samaki kubwa niliyorudi nayo siku ile, nami sitaki ikate mshipi.