Sekunde 18 zinatosha kumzika Bombardier?

Jamani, hivi ushabiki gani huu? Oktoba 23, 2021, mjini Łódź, Poland, Bombardier wa Senegal alizimwa na Mariusz Pudzianowski kwa sekunde 18 tu. Basi maneno yakaanza: ati hirizi zimegoma, ati mieleka ya Dakar ni ngoma tu, ati Senegal haina wapiganaji.

Upuuzi mtupu! Huyu ndiye aliyembwaga Balla Gaye 2 mwaka 2014 akawa mfalme wa laamb, mieleka ya kwao. Kwenye laamb ukianguka chali, mchezo umekwisha. Kwenye MMA ukianguka ndiyo kwanza kipigo kinaanza. Ni kazi mbili tofauti, na Pudzianowski alikuwa kwenye hiyo ya pili tangu 2009.

Tena Desemba 2022 Pudzianowski huyohuyo alisalimu amri raundi ya kwanza kwa Mamed Khalidov, mtu mwepesi kuliko yeye. Mbona hatukusikia kwamba Poland haina wapiganaji?

Mnataka wa kulaumu? Waulizeni waliopanga pambano lile, si mzee wa miaka 45 aliyethubutu kupanda ulingoni. Ninyi mmewahi kuthubutu nini?