Usiniambie Kuuliza Ni Kukosa Imani



Mvua kubwa ikianza tu, simu zetu nazo zinafurika. Picha ya nyumba iliyozama, mama amebeba mtoto ndani ya maji, na chini yake nambari: tuma chochote ulicho nacho, Mungu akubariki. Nawe una moyo wa nyama, unatuma. Mia mbili, mia tano, elfu moja. Halafu ndugu mmoja akithubutu kuuliza kwenye grupu, "Hii nambari ni ya nani?", anashambuliwa kama aliyechokoza nyuki. "Usiguse mambo ya madhabahu." "Wewe toa tu, Mungu anaona." "Uko na roho ya kushuku."

Hayo maneno nayapinga leo, na Biblia iko mkononi.

Soma Matendo 11. Agabo alitabiri njaa, nayo ikaja siku za Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wakachanga, kila mtu kwa uwezo wake, msaada ukapelekwa Uyahudi. Waliobeba tunawajua kwa majina, Barnaba na Sauli. Waliopokea tunawajua pia, ni wazee wa kanisa kule. Miaka elfu mbili imepita na bado tunaweza kufuata njia ya ule mchango kutoka mkono hadi mkono. Wewe uliyetuma pesa wakati wa mafuriko yaliyopita, unaweza kufuata yako hata hatua moja?

Kisha nenda kwa Wakorintho. Katika barua ya kwanza, sura ya 16, Paulo anawaambia wachague wao wenyewe watu watakaopeleka mchango Yerusalemu. Katika ya pili, sura ya 8, anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyeteuliwa na makanisa, na anaeleza sababu waziwazi: hataki mtu yeyote apate la kuwalaumu kuhusu pesa nyingi kama hizo, na anataka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Huyu ni Paulo! Leso zilizogusa mwili wake ziliponya wagonjwa, lakini mchango hakukubali kuubeba peke yake. Sasa wewe mtumishi wa juzi, leso yako haijaponya hata mafua, unataka pesa za maafa ziingie kwenye simu yako na usiulizwe?

Najua kuna atakayenijibu kwa 2 Wafalme 12, pale tunapoambiwa wasimamizi wa kazi ya hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. Kuna wahubiri wanaoupenda mstari huo kuliko Yohana 3:16. Lakini rudi juu kidogo. Pesa zilikuwa zinapitia mikononi mwa makuhani, na kufikia mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyumba ilikuwa bado ina nyufa. Ndipo likaletwa sanduku lenye tundu, likawekwa wapi? Kando ya madhabahu. Pesa zikionekana nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, watu wawili wa ofisi mbili. Wasimamizi walipozipokea zilikuwa zimeshahesabiwa. Kwa hivyo ukiniambia nisiguse madhabahu, nakuuliza hilo sanduku lilikuwa wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka Mai Mahiu watu wakiwa wamelala, yakabeba nyumba na familia. Mwaka huo huo Mathare ilifurika, na Tana River watu walihama na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Hapo ndipo pesa yako inapohitajika kufika. Mtu akila mchango wa maafa, aliyeibiwa hasa si wewe. Wewe Mungu aliona moyo wako, na thawabu yako iko salama. Lakini yule mama aliye kwenye darasa la shule na watoto watatu hawezi kujifunika thawabu yako usiku. Alihitaji blanketi, na blanketi ilinunua simu mpya ya mtu.

Basi uliza. M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea kabla pesa haijaondoka. Lisome. Kama tangazo linasema ni huduma fulani na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simama hapo hapo. Hata Paybill haimfanyi mtu kuwa mwaminifu, kwa hiyo uliza akaunti iliyo nyuma yake inatiwa sahihi na watu wangapi, na kama ni mume na mke tu, hiyo ni akaunti ya nyumbani. Uliza msaada unakwenda kijiji gani, na orodha ya walioathirika iliandikwa na nani. Anayefanya kazi kweli atakutajia kituo, atakutajia chifu na wazee wa mtaa walioketi naye. Tapeli atakuhubiria.

Mashirika nayo yaulizwe. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na mashirika mengine ya misaada yana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Cheti cha usajili ni mwanzo tu, ripoti ya fedha iliyokaguliwa ndiyo ya kusoma. Na shirika likikuapia kwamba kila shilingi inamfikia mwathiriwa bila senti kukatwa, mimi hapo naingiwa na wasiwasi zaidi. Lori linakunywa dizeli na dereva anakula. Anayekwambia ukweli wa gharama ni afadhali kuliko anayekupendeza.

Sisemi utoe kwa wakubwa peke yao. Wakati mwingine kanisa dogo la mabati kule Budalang'i linajua nyumba zilizoingia maji kuliko ofisi yoyote ya Nairobi. Wapelekee, mradi wanaopokea wawe zaidi ya mmoja na hesabu irudi. Na usipeleke nguo zilizochanika ukaziita sadaka.

Wala usitumie mahubiri haya kama kisingizio cha kufunga mkono. Mwaka 2011, wakati wa ukame, Wakenya wa kawaida walichanga pamoja na makampuni kwenye Kenyans for Kenya hadi wakapita shilingi milioni 500. Mikono tunayo. Mtu asiyetoa kwa sababu "wote ni wezi" amepata tu njia ya kiroho ya kuwa mchoyo.

Kwa kanisa letu: mchango wa mafuriko hautapokelewa kwa nambari yangu, wala ya mama mchungaji, wala ya mtu yeyote wa nyumba yetu. Ukiona tangazo lenye picha yangu na nambari ya mtu, ni la uongo, liripoti. Jumapili baada ya ibada tutachagua watu watano, wawili wao vijana, na mmoja lazima awe ameishi huko mafuriko yalikopiga. Taarifa ya akaunti itabandikwa mlangoni kila wiki. Atakayekuwa na swali asubiri tukimaliza kuimba, kipaza sauti kitakuwa wazi.

Mchungaji wenu.