Bahari Ikipata Joto, Mahindi ya Kibabii Huoza

Ni nani hapa Kibabii anayeijali bahari? Mombasa iko zaidi ya kilomita 800 kutoka kwetu, na wazee wengi wa Bungoma hawajapata kuiona kwa macho. Hata hivyo maji hayo ya chumvi yana sauti kubwa katika kuamua kama mahindi tuvunayo Oktoba yatakauka au yataota kuvu.

Mambo yenyewe ni haya. Bahari Hindi ikipata joto upande wa Afrika kuliko upande wa Sumatra, mawingu hujaa huku kwetu na mvua za vuli huzidi. Wanasayansi walioko Japani waliieleza tabia hii mwaka 1999. Kwa mikoa mingine mvua hiyo ni ya kupandia. Sisi na majirani wa Kitale, tupandao Machi, hutukuta mahindi yangali shambani. Mwaka 2019 tofauti hiyo ya joto ilikuwa kubwa mno, na Novemba maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi yakaua zaidi ya watu 40.

Lakini bahari haitoi ahadi. Mwaka 1997 El Nino ilitugharikisha. Mwaka 2015 tulionywa kwamba inarudi vile vile; ikaja, wala mafuriko hayakufikia hofu yetu. Oktoba 2023 Rais William Ruto alisema mvua itakuwa nyingi bila kufikia kiasi cha kuharibu. Mwezi uliofuata mafuriko yakaanza, yakaua zaidi ya watu 100 nchini.

Basi watu huwacheka mabwana wa hali ya hewa. Mimi siwacheki. Wao husema "huenda", na neno hilo likifika kwenye baraza la chifu limekwisha geuka kuwa "itanyesha". Mkulima akiambiwa wazi kwamba misimu sita kati ya kumi ya namna hii huwa na mvua nyingi, atavuna nusu mapema na kutafuta turubai.

Kule Bunyore, ukoo wa Nganyi, wenye sifa ya kutabiri mvua kwa kutazama miti na wadudu, umekwisha keti na wataalamu wa serikali wakalinganisha ishara zao. Wako watakaouita huo ushirikina. Shauri yao! Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kingeweza kuwaita wazee na wataalamu kila Agosti, mbele ya wakulima, wakaeleza kwa Kibukusu wanachokijua na wanachokitilia shaka.