Kovu la Kichocho na Wahandisi wa Upanga

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba ugonjwa ni jambo la chembe hai za mwili, yaani seli, peke yake. Wataalamu wa uhandisi tiba wamedhihirisha kuwa sivyo. Seli hushika na kuvuta tishu inayoizunguka, na kwa kuvuta huko huupima ugumu wake. Mwaka 2006, Profesa Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba seli changa zikilazwa juu ya utando laini mfano wa ubongo huelekea kuwa za neva. Juu ya utando wenye ugumu wa msuli huelekea kuwa za msuli. Na juu ya ulio mgumu zaidi, za mfupa.

Elimu hiyo inatuhusu sana sisi wa Visiwani. Kichocho cha mkojo tunakijua. Mayai ya minyoo yake hukwama katika ukuta wa kibofu, mwili huyazingira, na baada ya miaka nyama iliyokuwa laini hugeuka kovu gumu. Dawa huua minyoo, lakini haiyafukui mayai yaliyokwisha kuzikwa humo. Aidha, imethibitishwa kwamba kichocho hicho huweza kuleta saratani ya kibofu. Je, seli zinazoishi ndani ya kovu hilo hupatwa na nini? Hatuna budi kulitafuta jibu sisi wenyewe.

Uwezo tunao. Upanga, mjini Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, ambacho chimbuko lake ni skuli ya udaktari iliyoanzishwa mwaka 1963, kinafundisha uhandisi tiba. Pemba, tangu mwaka 2000, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyobobea katika kichocho.

Kutengeneza mashine za hospitali ni kazi ya heshima, lakini wahandisi hawa wasikomee hapo. Tunazitaka Wizara za Afya za pande zote mbili za Muungano zitenge fungu la utafiti litakalowaunganisha na wataalamu wa Pemba. Wananchi nao wameze dawa zinapogawiwa, watumie vyoo, na wawakataze watoto kuoga katika mabwawa na vijito. Samaki mkunje angali mbichi. Nyama ikishakuwa kovu, hata dawa hushindwa kuirudisha.