LORI LA MCHANGA NI LORI LA MAJI

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu hii ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu uchimbaji wa mchanga katika mito yetu ya msimu hapa Dodoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na jambo hili nililigundua kwanza katika daftari la mahudhurio.

Kila kiangazi wasichana wa darasa la sita na la saba hufika shuleni wamechelewa, tena wamechoka. Nikiwauliza, jibu ni moja: "Mwalimu, tulikuwa kisimani." Visima vyenyewe ni vile tunavyofukua kwa mikono katikati ya mto mkavu. Zamani mtu akifukua kina cha kiuno alikuta maji. Sasa, karibu na mahali malori yanapopakia, hushuka kuzidi kimo chake, kisha hungoja maji yajikusanye kata kwa kata.

Ndugu zetu wanaokaa kando ya mito isiyokauka huenda wakauliza: maji gani katika mto mkavu? Huku kwetu mvua hunyesha kati ya Desemba na Aprili tu. Mto hufurika kwa siku chache, kisha huonekana umekufa. Lakini haukufa. Maji yamejificha ndani ya mchanga, ambako jua huyakausha ya juu tu. Mchanga ndio tangi letu.

Jambo hili niliwaonyesha watoto darasani. Nilijaza ndoo ya lita 20 mchanga mkavu wa mtoni mpaka juu, nikawaambia wamimine maji kikombe kwa kikombe. Ndoo iliyoonekana imejaa ilipokea lita zipatazo sita. Baadaye tukafanya hesabu. Si maji yote huchoteka, maana mengine hung'ang'ania punje. Basi tuseme robo tu ya ujazo wa mchanga ndiyo maji ya kuteka. Lori lenye meta za ujazo tano limeondoa nafasi ya kuhifadhi lita 1,250, yaani ndoo zipatazo 60. Na hasara hiyo si ya mara moja, kwa sababu nafasi hiyo ilikuwa ikijazwa upya kila masika.

Wapo wasemao kwamba mafuriko huleta mchanga mwingine. Ni kweli, lakini mto huleta kwa kadiri yake. Tukichukua kuliko unavyoleta, shimo hubaki. Masika yanapofika, maji hutumbukia shimoni kwa nguvu na kuitafuna sakafu ya mto kuelekea juu. Mchanga yaliyokuja nao hutua humo humo shimoni, na maji yakitoka hayana mzigo, basi huuchukua udongo wa sakafu na wa kingo za chini. Hivyo ndivyo mashamba ya kando ya mto yanavyomegeka, na misingi ya madaraja inavyobaki wazi.

Ndugu Mhariri, sisemi haya kwa kujitoa lawamani. Darasa ninalofundishia lilijengwa kwa mchanga wa mto huo huo, na ushuru wa malori ulipochangia mabati, nami nilipiga makofi. Vijana wanaopakia kwa mashepe niliwafundisha mimi mwenyewe. Ujira huo ndio unaowanunulia unga. Vilevile najua mji unahitaji mchanga. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, ujenzi umepamba moto. Hilo ni jambo la kujivunia. Ninachopinga ni kujenga mji kwa kukausha visima vya vijiji vinavyouzunguka.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mto ndani ya meta 60. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo inautambua mchanga kama madini ya ujenzi, yenye kuhitaji leseni. Lakini sheria haiwezi kusimama usiku kando ya mto ikahesabu malori. Hiyo ni kazi yetu wanakijiji.

Kwa hiyo natoa mapendekezo haya. Kwanza, mkutano mkuu wa kila kijiji upitishe sheria ndogo ya kutenga mahali pa visima na karibu na madaraja pasiguswe kabisa. Pili, panaporuhusiwa, na kwa leseni, pawekwe kikomo cha kina, na masika yasipoleta mchanga wa kutosha, uchimbaji usimame. Tatu, kila lori liandikwe na hesabu isomwe mbele ya wanakijiji, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Nne, sehemu ya ushuru ijenge kuta fupi za zege kukatiza mto, ili zikamate mchanga na maji. Jirani zetu wa Ukambani, Kenya, wamejenga kuta nyingi za namna hiyo, na kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Tano, wajenzi wahimizwe kutumia mchanga wa mawe yaliyosagwa. Mawe hapa Dodoma hatuna shida nayo, na vijana wetu watapata ajira huko.

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna lori moja lililokausha kisima chetu. Yalikausha yote pamoja, na kila moja lilipopita tuliona ni moja tu.

Wasichana wangu wa darasa la saba watafanya mtihani wa Taifa pamoja na wenzao ambao maji yao hutoka bombani. Naomba tuwabakizie angalau mchanga.

Mwalimu wa Kijiji,
Chamwino, Dodoma.